Vijiko Vyote Juu

Kamusi aliingia ndani na viatu. Hilo peke yake lilitosha kumwambia mkewe kwamba mambo hayakuwa shwari, maana katika miaka thelathini na moja ya ndoa yao mwanamume yule hakuwahi kuvuka kizingiti na viatu miguuni, hata siku aliyorudishwa kutoka kazini akitetemeka kwa homa. Alikuwa bado amevaa suti ya kijivu ya sherehe. Kwapani alibana kitabu kinene chenye jalada la kung'aa. Hakusalimia. Alikiweka kitabu juu ya cherehani, juu kabisa ya gauni la mteja, akasema:

"Ukurasa wa sitini na moja. Usome kwa sauti."

Mkewe, ambaye mtaa mzima humwita Fundi kwa sababu ya cherehani hiyo hiyo, hakuutambua ukali wa sauti hiyo. Alikuwa amekisubiri kitabu hicho miezi minne.

"Kimetoka! Na mimi nimo?"

"Umo. Soma."

Fundi alifuta mikono kwenye kanga, akavaa miwani. Jalada liliandikwa kwa herufi za dhahabu: *Miaka Thelathini ya Jibu Moja Tu: Historia ya Kampuni Yetu*. Kurasa za mwanzo alizijua hata bila kuzisoma. Vijana watatu katika gereji ya kukodi, kengele ya baiskeli, meza iliyoazimwa kanisani, na sasa jengo la vioo la ghorofa nne, na kipindi cha maswali na zawadi ambacho kila Jumamosi watu huacha sufuria jikoni kukitazama. Picha ya gereji ilikuwapo. Mwenyekiti alisimama katikati akicheka, Mtangazaji kulia kwake, na kushoto, mahali alipokuwa Kamusi, mpiga picha au mkata picha alikuwa amebakiza kiwiko tu. Fundi alikitambua kiwiko hicho kwa kiraka cha shati, kwa kuwa kiraka alikipiga yeye. Alikunja uso kidogo, akafungua sitini na moja.

"'Siri ya ubora wa maswali yetu,'" alisoma, "'haikuzaliwa ofisini. Kila Ijumaa jioni, mtunga maswali wetu aliweka mezani kwake maswali yote ya kipindi kijacho, na familia nzima ikayapitia kabla hayajafika studio. *Sisi ndio tulikuwa wa kwanza kuyajua*, anasema mkewe kwa fahari. *Maswali na majibu yake, yote tulikuwa nayo sisi kwanza.*'"

Aliinua macho akitabasamu. Tabasamu lilikaa usoni peke yake kwa muda, halafu likaondoka.

"Unaona ulichosema?" Kamusi aliuliza.

"Si kweli kwani?"

"Ni kweli. Ndiyo shida yake."

Ni hapo akili ya Fundi ilipogota. Alikumbuka karatasi ambayo mumewe aliisaini mwaka wa kwanza wa kazi, ambayo kila mwaka alisainishwa upya: hataonyesha swali wala jibu kwa mtu yeyote, awe mama, mke au mtoto. Aliikumbuka kama mtu anavyokumbuka ndoo aliyoiacha bombani inajaa. Miaka ishirini na minane alikuwa ameishi na kosa lile mezani, wakilitandikia kitambaa na kulipakulia chakula, hadi likawa si kosa tena, likawa ni Ijumaa.

Maana utaratibu wenyewe ulikuwa mzuri, na ndio uliomjengea Kamusi jina. Aliposoma swali, kila aliyekaa mezani na anayejua jibu aliinua kijiko, bila kusema neno. Vijiko vyote vikiinuka, swali ni rahisi mno, na Kamusi huichana kadi palepale. Kisipoinuka hata kimoja, ni gumu mno, linasubiri. Kikiinuka kimoja au viwili, hilo ndilo swali, na pembeni ya kadi aliandika idadi ya vijiko kwa kalamu nyekundu. Ndipo alipotoa jibu, na watu wakaendelea kula.

"Mimi nilimweleza mwandishi habari ya vijiko," Fundi alisema. "Nilimweleza nusu saa nzima. Nilimwonyesha hata vijiko vyenyewe. Mbona haimo?"

"Haimo."

"Yule kijana alikuja na keki, baba. Akanisifu vitambaa vyangu. Akaniambia nyuma ya kila mwanamume..."

"Alikuvisha kilemba cha ukoka, nawe ukamshikia fundo kwa kidole ili afunge vizuri." Kamusi alikaa kwenye kigoda cha wateja, hatimaye akaanza kuvua viatu. Alieleza kwa kifupi. Ukumbi ulikuwa na watu mia tatu, pamoja na wakubwa wa kampuni ya nje inayotaka kuinunua kampuni yao mwezi ujao. Mmoja wao alisoma, akamuuliza jirani yake, jirani akamnyooshea Kamusi uma. Mtangazaji, waliyeanza naye gerejini, alisogeza kiti chake upande wa pili. Mhudumu alikuja akaondoa sahani ya Kamusi na nyama bado imo, akasema samahani, ameambiwa meza hii wamemaliza.

"Na wewe ulisema nini?"

"Niliomba leso ya karatasi."

Fundi alishika mdomo. Huko nje mteja alipiga hodi kuulizia gauni, na Fundi, ambaye hakuwahi kumwongopea mteja kuhusu siku ya nguo kuwa tayari, alipaza sauti kwamba hayupo.

Simu ililia kabla ya jua kuzama. Ilikuwa ofisi ya Mwenyekiti. Kesho saa tatu asubuhi. Aje, na mama pia aje.

*

Waliposali na kula, au tuseme walipokitazama chakula kikipoa, Fundi alibaki amesimama jikoni mbele ya friji. Lilikuwa friji jeupe la milango miwili, la zamani, mpira wa mlango umebadilishwa mara mbili, na bado likinguruma kama siku ya kwanza. Kamusi alikuwa nyuma yake anatafuta glasi.

"Kuna kitu kingine," Fundi alisema bila kugeuka.

"Sema."

"Kesho watauliza. Bora usikie kwangu." "Friji hili mdogo wangu hakulinunua."

Mdogo wake, mwanamke wa vicheko, aliwahi kuishi nao miezi minane akitafuta kazi. Kila Ijumaa alikaa kwenye meza ile, akainua kijiko na kuweka chini kama wengine. Alipohamia kwake, haukupita mwezi mmoja akarudi na friji juu ya mkokoteni, akasema amepata kazi nzuri na hii ni shukrani kwa dada na shemeji. Kazi ilikuwapo kweli, lakini friji lilitoka kwenye kipindi. Alikwenda kucheza kwa jina la ukoo wa mumewe mpya, akafika raundi ya mwisho, akajibu, akashinda. Fundi alijua siku kipindi kiliporushwa. Alijifungia chumbani na televisheni, akamwona mdogo wake na poda usoni akirukaruka, akalia. Kamusi hakuona, kwa kuwa hakuwa na mazoea ya kutazama kipindi chake mwenyewe. Alisema akitazama huanza kusahihisha.

"Miaka kumi na tisa," Fundi alisema. "Kila nikifungua mlango huu nasikia aibu inanipuliza usoni. Mimi ndiye niliyemkaribisha mezani. Majibu aliyapata kwetu."

Alingoja apigiwe kelele. Angefurahi kupigiwa kelele. Kamusi alisimama na glasi mkononi, uso umekuwa kama ukuta uliopakwa chokaa.

"Nani anajua?" aliuliza.

"Mimi na yeye tu. Haki ya Mungu."

"Wewe na yeye tu."

"Hata Mama hajui."

Aliitikia kwa kichwa, polepole. Kisha akainama nyuma ya friji, akachomoa waya ukutani. Mngurumo ulikatika, na nyumba ikawa kimya kiasi kwamba Bibi, mama yake Fundi, aliita kutoka chumbani kuuliza nani amezima nini.

"Kuna maziwa ndani," Fundi alinong'ona. "Na nyama ya wiki."

"Najua," mumewe alisema, akaenda kulala bila kunywa maji.

*

Pale mapokezi ya kampuni walipewa vitambulisho vya plastiki vya kuning'iniza shingoni, vimeandikwa MGENI. Binti wa mapokezi alimwita Kamusi "baba" kila asubuhi kwa miaka sita. Safari hii aliangalia kompyuta yake, akasema "jina tafadhali," na Kamusi akalitaja herufi kwa herufi kama mtoto anayeandikishwa shule. Fundi alitamani kumwambia yule binti kwamba sare aliyovaa mshono wake wa begani umeanza kuachia. Alinyamaza. Mdomo ulikuwa umeshaponza kichwa mara moja wiki ile.

Mwenyekiti aliinuka kuwapokea. Alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya upole, na mezani kwake, chini ya kioo, ilikaa ile kengele ya baiskeli ya gerejini. Pembeni alikuwapo mwanasheria wa kampuni, mwanamke kijana aliyeandika kila kitu, hata salamu.

"Shemeji, karibu," alimwambia Fundi. "Pole na usumbufu. Kamusi, kaka yangu, nitasema bila kuzunguka. Hawa wanunuzi wamepekua mafaili. Wameona kuna washindi, mwaka huu na mwaka ule, ambao ushindi wao una walakini. Wanasema kuna watu walikuwa na majibu. Wanataka kujua yalitokea wapi. Wasipojua, hawanunui. Wasiponunua, watu mia mbili na kumi hawana kazi."

"Naelewa," alisema Kamusi.

"Kitabu kimewajibu." Mwenyekiti alisukuma karatasi moja mbele. "Hii ni barua. Unakiri maswali yalivuja kupitia nyumbani kwako, bila nia mbaya, na kwamba uongozi haukujua. Mama anasaini hapa chini kwamba aliyoyasema kitabuni ni kweli. Basi. Unastaafu mwezi huu na haki zako zote. Hakuna polisi, hakuna gazeti. Usiposaini, itabidi wanasheria wafanye kazi yao, na ushahidi ni maneno ya mkeo mwenyewe."

Fundi aliiangalia barua, na nyuma ya barua akakiona kitabu kimefunguliwa sitini na moja. Kitu kimoja kidogo kilimchoma.

"Mwenyekiti. Kitabu hiki ulikisoma kabla hakijachapwa?"

"Mara mbili, shemeji. Nimesahihisha mpaka nukta."

"Na habari ya vijiko nani aliitoa?"

Kalamu ya mwanasheria ilisimama. Mwenyekiti alitabasamu kama anayemkuta mtoto wa jirani jikoni mwake. "Ilirefusha kitabu," alisema.

Kumbe yule kijana wa keki hakuja kuuliza habari za mapenzi na kazi. Kumbe miezi minne kabla ya sherehe, kabla kitabu hakijapata hata jalada, mtu huyu mwenye kumwita shemeji alishajua nani atabebeshwa mzigo. Yeye Fundi alimwaga mtama, na kuku walikuwa wameandaliwa. Alimtazama mumewe amwambie kitu, lakini Kamusi alikuwa akitazama kengele.

"Kuna orodha ya hao washindi?" Kamusi aliuliza.

"Ipo. Na kwa faida ya mama, yumo mdogo wake. Mshindi wa friji." Mwenyekiti alilisema neno *friji* kwa huruma. "Unaona ninavyokulinda? Hilo nimeliacha nje ya barua."

Fundi aliinamisha kichwa. Machozi yalimtoka yakadondokea kile kitambulisho cha MGENI.

"Swali lake la mwisho lilikuwa lipi?" Kamusi aliuliza.

"Ya nini sasa?"

"Nisomee tu. Lililompa friji."

Mwenyekiti alimwangalia mwanasheria, na mwanasheria, kwa mazoea ya kazi, alishafungua faili. Alisoma: "'Mwili wa mtu mzima una mifupa mingapi?' Jibu: mia mbili na sita. Sahihi."

Kamusi alifunga macho. Fundi alidhani mumewe anaanguka, akamshika mkono. Lakini alipofumbua macho, sauti yake ilikuwa ile ya Ijumaa, sauti ya mtu mwenye kadi mkononi.

"Hilo si langu."

"Kamusi..."

"Sijawahi kuuliza mifupa. Mtoto wa shule ya msingi anaijua. Ningelisoma nyumbani kwangu, vijiko vyote vingeinuka, ningeichana kadi kabla ya mchuzi kufika. Nisomee la mshindi mwingine."

"Haina haja," alisema Mwenyekiti. Lakini mwanasheria alikuwa kijana, na alikuwa ameanza kutaka kujua. Alisoma la pili: wiki ina siku ngapi zinazoanza na herufi fulani. Alisoma la tatu: buibui ana miguu mingapi.

"Vijiko vyote," Kamusi alisema. "Vijiko vyote. Mama Mwanasheria, andika. Nyumbani chini ya kitanda nina kadi zote zilizofaulu mezani kwangu, miaka ishirini na minane, kila moja na idadi ya vijiko kwa wino mwekundu. Kuziweka nyumbani ni kosa, andika hilo pia. Kuwaonyesha watu wangu ni kosa, andika. Lakini hayo matatu hutayakuta. Kuna mtu humu ndani alikuwa anatoa kadi yangu anaweka ya kwake."

Hakuna aliyeuliza ni nani. Mwenyekiti aliondoa mikono mezani. Alipozungumza, upole ulikuwa umebaki ule wa sauti tu.

"Ulidhani mshindi anachaguliwa na maswali? Miaka yote hii? Watu hawakai mbele ya televisheni Jumamosi kumwona mama wa watu analia kwa sababu hajui mto usiojulikana. Wanataka kumwona mtu kama wao anabeba kitu anakwenda nacho nyumbani. Mdhamini aliniambia, yule mwenye kicheko, mpe yule. Nikampa. Wewe ulikuwa unafanya kipindi kionekane kigumu, Kamusi. Na ulifanya vizuri sana. Hakuna aliyewahi kutushuku, kwa ajili yako."

Fundi alimwona mumewe akipokea maneno hayo. Ofa ya kustaafu, polisi, vyote hivyo alivibeba wima. Hiki kilimwinamisha. Miaka ishirini na minane mtu huyu aliamka saa kumi na moja alfajiri kuhakiki urefu wa mto katika vitabu viwili, kisha cha tatu kama viwili havipatani. Aligombana na binti yake wiki nzima juu ya idadi ya visiwa. Fundi hakuwahi kuona mtu akiibiwa kitu kikubwa hivyo bila kuguswa.

Kamusi aliinuka. Aliirudisha barua upande wa pili wa meza kwa kidole kimoja.

"Sisaini."

"Na mama?"

"Mimi niliyosema ni kweli," Fundi alisema, na sauti yake ikamshangaza mwenyewe, "lakini mmeyachapa nusu. Rudisheni vijiko vyangu kwanza, ndipo nisaini."

Pale mapokezi walidaiwa vitambulisho vya MGENI. Kamusi chake kilikwama kwenye kola ya suti, na wote watatu, yeye, mkewe na yule binti, wakahangaika nacho mpaka kikatoka.

*

Hakuna aliyepiga simu. Siku ya tatu alikuja tarishi na pikipiki, akadai ufunguo wa chumba cha sanduku, kile cha kando ya studio ambamo Kamusi alifungia maswali, na kitambulisho cha kazi, akatoa daftari asainiwe. Vitabu vilikusanywa kimyakimya kutoka kwa wageni wote wa sherehe, isipokuwa kile cha Fundi, ambacho walisahau au waliona haya kukiulizia. Habari za haki za kustaafu zilikuwa "zinashughulikiwa". Kadi zilitolewa chini ya kitanda, masanduku kumi na moja ya viatu, zikapangwa sebuleni kungoja mtu yeyote mwenye kutaka kuzisoma. Mwanasheria kijana alipiga mara moja, akauliza kama bado zipo, akakata.

Ijumaa ilipofika Fundi alipika kama kawaida kwa kuwa hakujua kufanya nini kingine. Friji lilisimama kimya, mlango wazi umezuiwa na kitambaa, harufu ya maziwa yaliyoharibika haijatoka vizuri. Mezani alikaa Bibi, na binti yao ambaye sasa ni nesi mwenye nyumba yake, na mdogo wake Fundi, aliyeitwa kwa simu na kuambiwa njoo na usicheke.

Alisimuliwa yote. Alisikiliza mikono imefunika mdomo.

"Mifupa?" alisema. "Lakini dada, mimi lile nililijua tangu shule! Yule msichana wa kunipaka poda aliniinamia sikioni akaniambia, la mwisho ni mia mbili na sita. Nikamwambia, hebu we, hilo nani asiyelijua?" Kicheko kilimponyoka, kile cha kuku aliyemaliza kutaga, kikafa katikati.

Fundi aliweka upawa chini. "Aliambiwa studio. Si hapa."

"Hapa? Hapa nilipata jibu gani mimi? Maswali ya shemeji nilikuwa siyaelewi hata moja."

"Miaka kumi na tisa!" Fundi alipiga kelele. "Miaka kumi na tisa najiona mwizi katika jiko langu, na wewe unajua hukutoa kitu mezani kwangu! Mbona hukuniambia?"

"Uliniapisha nisilizungumze jambo lile maisha. Nikatii."

Fundi alikaa. Hasira, aibu na nafuu vilimjia kwa pamoja, akashindwa kuvipokea vyote. Alianza kulia, kisha akajikuta anacheka, kisha akanyamaza kwa sababu Kamusi alikuwa ametoa kitu mfukoni. Ilikuwa kadi nyeupe, tupu. Aliandika mstari mmoja, taratibu, akakohoa kidogo kama alivyokohoa kila Ijumaa.

"Leo swali ni moja," alisema. "Nani hapa mezani alijua friji hili lilitoka wapi?"

Mdogo wake Fundi aliinua kijiko. Fundi aliinua chake, akiangalia sahani. Alidhani yameishia hapo. Ndipo mkono wa Bibi, wenye mishipa, ulipoanza kupanda.

"Mama!"

"Mimi ni mzee, mwanangu, si kiziwi. Jirani aliniambia kesho yake. Mtaa mzima ulimwona kwenye televisheni. Tulinyamaza kwa heshima ya mumeo."

Binti naye alikuwa ameshainua. "Nilichungulia dirishani," alisema, mwanamke wa miaka ishirini na saba, kwa sauti ya mtoto wa miaka minane. "Ulikuwa unalia, Mama. Nikaona nisiseme."

Fundi hakuthubutu kumtazama mumewe. Mtu aliyenyang'anywa kazi yake Jumanne, Ijumaa anaambiwa kwamba katika nyumba yake, katika mtaa wake, yeye peke yake ndiye aliyekuwa mjinga. Alisikia kalamu ikiwekwa mezani. Alisikia kijiko kikikwaruza sahani. Akainua macho.

Kamusi alikuwa ameinua chake.

"Chumba cha sanduku hakina televisheni," alisema. "Kina ukuta mwembamba. Siku ile nilisikia kicheko cha shemeji."

"Friji lilipofika kwenye mkokoteni, nikajua. Niliamini limetoka kwenye meza hii. Niliamini mimi ndiye niliyevujisha. Ningeweza kufungua faili siku yoyote nikaangalia swali la mwisho lilikuwa lipi. Dakika moja tu. Kazi yangu ni kuuliza, na lile moja niliogopa." Alimtazama mkewe. "Lisilotamkwa, mtu anaweza kunywa maji yake. Uliponitamkia, nikashindwa. Ndiyo maana nilichomoa."

Fundi aliiona miaka ile kumi na tisa yote, glasi za maji baridi, barafu za watoto, yeye akigeuza uso kila mumewe anapofungua mlango, na mumewe, kumbe, akigeuza wake.

Kamusi alihesabu kwa macho, kushoto kwenda kulia, akaandika tarakimu pembeni ya kadi. Wino ulikuwa mwekundu.

"Vitano," alisema. "Rahisi mno."

Akaichana kadi vipande viwili, kama kawaida yake, kijiko kingali kimesimama kati ya vidole, akaviweka chini ya sahani. Chakula kilikuwa kinapoa. Vijiko vilikuwa bado hewani, vyote vitano, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kushusha.